Farasi 160 kwenye mlima wa Ciriri

Gari lililetwa gereji kwangu likivutwa kwa kamba, saa moja asubuhi, na harufu ya ambreyaji iliyoungua ilinifikia kabla sijafungua lango. Ilikuwa mara ya pili ndani ya miezi minne. Lilikuwa Hilux jeupe la milango minne, injini ya esanse, yaani petroli, ya lita 2.7. Mwenye gari, mama mmoja anayekodisha betoniere, zile mashine za kuchanganya zege, na jenereta kwa wajenzi wa hapa Bukavu, alikuwa ameshafika kwa miguu. Salamu zilikuwa fupi. "Papa fundi, uniambie ukweli. Huyu dereva nimfukuze?"

Dereva, kijana wa Walungu, alisimama kando na ufunguo mkononi, macho chini. Ambreyaji, ambayo wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam huiita klachi, ikiungua mara moja watu husema bahati mbaya. Ikiungua mara mbili, mji mzima unamnyooshea kidole aliyeshika usukani. Hata mimi wazo langu la kwanza lilikuwa hilo: kijana analaza mguu kwenye pedali. Lakini mkate wa mtu hauondolewi kwa wazo la kwanza. Nikamwomba mama anipe siku tatu.

Kwanza nikamuuliza gari lilinunuliwaje. Zamani, kila betoniere ilipohama kutoka shantie moja, yaani eneo la ujenzi, kwenda nyingine, mama alikodi lori, na lori lilimla faida yote. Akaona anunue pikapu pamoja na remoki, yaani trela, ya ekseli mbili, abebe vitu vyake mwenyewe. Kwenye uwanja wa magari alikuta Hilux mbili za kizazi kimoja, kile kilichopisha kizazi kipya mwaka 2015. Moja ilikuwa hiyo ya esanse, iliyotoka nchi za Ghuba. Kongo tunaendesha upande wa kulia, usukani wetu uko kushoto kama wa kule, kwa hiyo magari ya Dubai huingia hapa kwa wingi. Ya pili ilikuwa ya mazutu, yaani dizeli, lita 3.0 yenye turbo. Iliuzwa dola elfu nne zaidi.

Mpwa wake, kijana msomi, alitafuta kwenye simu namba za kiwanda za nguvu ya injini, ile inayopimwa kwa farasi. Injini ya esanse: farasi 160. Injini ya mazutu: farasi 171. "Shangazi, unalipa dola elfu nne kwa farasi 11?" Mama akanunua ya esanse. Ningekuwa na namba hizo mbili tu mkononi, pengine ningemshauri vilevile. Na injini yenyewe ni nzuri sana, hilo nalisema kwa moyo mweupe. Ni imara, inanyamaza, na spea zake zinapatikana.

Siku hiyohiyo nilifunga ambreyaji ya tatu, na kesho yake tukaondoka na mzigo uleule: betoniere, jenereta, mbao za kofraji zinazoshikilia zege hadi likauke, vijana watatu nyuma. Tulipita Kadutu tukapanda njia ya Ciriri. Nilimtazama kijana miguu yake tangu mwanzo. Hakulaza mguu. Alibadilisha gia kwa wakati wake, aliacha nafasi mbele yake, hakuwa na haraka. Kisha, kwenye kona moja ya mawe, pikipiki mbili zilizobeba magodoro zikatuziba njia, ikabidi tusimame katikati ya mlima.

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipokuwa. Alijaribu kuondoka na mizunguko kama 1,500 kwa dakika, injini ikazimika. Akajaribu tena, ikazimika tena. Mara ya tatu alikanyaga hadi karibu 3,000, akaachia pedali taratibu, na gari likaanza kusogea huku ambreyaji ikiteleza kwa sekunde sita au saba. Harufu ikaingia ndani. Nikamwambia ashuke, nikakaa mimi. Nina miaka mingi kwenye kazi hii na milima ya mji huu naijua. Nami nikaichoma vilevile. Hapakuwa na namna nyingine ya kuondoka pale kwa gia ya kawaida.

Jioni nilimwambia mama: dereva abaki. Lakini nilitaka kumwonyesha kwa hesabu, kwa sababu neno la fundi peke yake halitoshi mbele ya mtu aliyekwisha kulipa ambreyaji mbili.

Tulipima. Kwenye mizani ya bohari moja ya saruji, remoki ikiwa na mzigo ilikuwa kilo 1,550. Pikapu pamoja na watu na vifaa, kilo 2,250. Jumla kilo 3,800. Kwenye ile kona niliweka ubao wa mita moja na pima-maji: upande wa chini ulikuwa umeshuka sentimita 12. Mlima wa asilimia 12, juu ya mawe.

Kuisukuma tani 3.8 juu ya mteremko huo kunataka nguvu ya newton kama 4,400 kwa ajili ya mlima peke yake, na kama 900 nyingine kwa ajili ya tairi zinazopondana na mawe. Ukizidisha kwa nusu kipenyo cha tairi, unapata karibu Nm 2,000 za msokoto kwenye magurudumu. Nm ni newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Fikiria mkono wa spana: ukiongeza urefu wa spana au uzito unaoukandamiza, nati inalegea kwa msokoto mkubwa zaidi.

Gia huongeza msokoto wa injini kabla haujafika kwenye tairi. Kwenye pikapu za namna hii, gia ya pili pamoja na difu, yaani gia za kwenye ekseli, huuzidisha kama mara 9, gia ya kwanza kama mara 16. Toa kile kinachopotea njiani ndani ya gia na difu. Inabaki kwamba kushika mlima ule kwa gia ya pili, injini inatakiwa itoe Nm 250 hivi. Kwa gia ya kwanza, Nm 140 hivi, na hiyo ni kwa kuendelea tu bila kuongeza mwendo. Kuondoka ukiwa umesimama kunataka zaidi.

Sasa rudi kwenye karatasi za kiwanda, lakini usome mstari ule ambao mpwa aliuruka. Injini ya esanse ya lita 2.7 inatoa msokoto wake wa juu kabisa, Nm 241, ikifika mizunguko 3,800. Ya mazutu ya lita 3.0 inatoa Nm 343 kuanzia mizunguko 1,400, na inaushikilia hadi 3,400. Maana yake gia ya pili kwenye kona ile haikuwa kazi ya injini ya esanse hata siku moja, hata ingekuwa mpya, hata ingekuwa ufukweni mwa bahari. Ile ya mazutu ingeshika gia hiyo na kubaki na akiba ya karibu Nm 90.

Na farasi je? Farasi ni msokoto ukizidishwa na mwendo wa kuzunguka. Wale 160 wa esanse wanatoka kwenye mizunguko 5,200. Nilimkokotolea mama: ili awaone wote kwenye gia ya pili, gari lake lingekuwa linakimbia karibu kilomita 80 kwa saa. Kwenye gia ya kwanza, kama 45. Nani anapanda Ciriri na betoniere nyuma kwa kilomita 45 kwa saa? Tunapanda kwa 15, na kwenye mwendo huo gia ya kwanza inazungusha injini kama mara 1,700 kwa dakika. Hapo, kwa makadirio yangu, ile ya esanse ina farasi kama 43 wanaofanya kazi. Ya mazutu ina 84. Tofauti ya farasi 11 iliyoandikwa kwenye simu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ya barabara ya lami iliyonyooka, mtu akienda mbio. Kwenye mwendo wetu ya mazutu ilikuwa na farasi karibu mara mbili ya esanse.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo wauzaji wengi wa magari hawalisemi, na wengine hawalijui. Wanataja farasi kwa sababu namba yake ni kubwa. Ukitaka gari la kuvuta, uliza msokoto, kisha uliza unatokea kwenye mizunguko mingapi. Jibu la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Utakuwa umeona kwamba 43 ni ndogo kuliko ambavyo hesabu ya ufukweni ingetoa. Ni kwa sababu ya hewa yetu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wetu unaanza pale maji yanapoishia na kupanda. Katika kimo cha mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe: pistoni inashuka, hewa inaingia kadiri ilivyo huko nje. Hewa ikipungua, esanse inayoweza kuchomwa inapungua pamoja nayo, na nguvu vilevile. Zile Nm 241 za karatasini hapa kwetu ni kama 205. Injini ile ilichaguliwa kwa ajili ya jangwa tambarare lililo karibu na bahari, na huko haina deni na mtu.

Turbo inafanya kinyume. Moshi unaotoka unazungusha feni, feni inakandamiza hewa ya kuingia, na kile ambacho mlima umekipunguza kinarudishwa kwa sehemu kubwa, hadi pale turbo inapofika mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana mtu aliyezoea magari ya pwani akija Bukavu na turbo ya mazutu haoni tofauti kubwa, na akija na esanse analalamika tangu siku ya kwanza.

Jirani yangu wa gereji alisema mama anunue Land Cruiser 79 yenye injini ile ya zamani ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo. Nilimwelewa. Injini hiyo ina farasi kama 130, pungufu kuliko esanse ya mama, lakini inatoa Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Ni mfano mzuri kuliko yote wa jambo ninalolisema: farasi wachache, na bado inavuta kuliko ile yenye 160. Tena inavumilia mazutu mabaya kwa sababu pampu yake ni ya vyuma, haina mambo mengi. Ila nayo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Pampu ya kawaida inaendelea kumimina mazutu yaleyale wakati hewa imepungua, ndipo unaona Land Cruiser za kazi zinapanda milima ya huku zikiacha moshi mweusi nyuma. Na bei yake ilikuwa mbali sana na mfuko wa mama.

Basi tukabaki na njia tatu. Mpwa alipendekeza kutoa injini ya esanse na kuweka ya mazutu. Nilikataa hapohapo. Utabadilisha ambreyaji, vishikizo vya injini, mabomba ya mafuta, nyaya zote na kompyuta yake, kisha utaanza safari ya kurekebisha karatasi za gari. Nimeona magari ya namna hiyo. Yanamaliza pesa na hayamalizi kelele. Njia ya pili ilikuwa kuuza na kununua ya mazutu, lakini mama hakuwa na dola elfu nne wala dalili yake. Ya tatu ilikuwa kulifundisha gari lile lile kazi yake.

Lilikuwa 4x4, na hicho ndicho kilichotuokoa. Kando ya gia kuna mkono wa pili, na ukiupeleka kwenye L4 kila gia inazidishwa tena kama mara mbili na nusu. Gia ya pili iliyokuwa inazidisha mara 9 sasa inazidisha mara 23. Injini inatakiwa itoe chini ya Nm 100 tu kwenye kona ile, na kwa mizunguko 2,500 gari linatambaa kilomita 15 kwa saa. Nilirudi na kijana Ciriri, tukasimama makusudi palepale penye mawe, akaweka L4, akaachia pedali. Gari liliondoka kama linatoka uwanjani. Alinitazama, hakusema kitu, akacheka kwa furaha kama mtoto. Nilimwonya jambo moja: L4 ni ya mawe na udongo. Kwenye lami kavu, ukikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti na vyuma vinabanana, kwa hiyo akifika lami airudishe H2, pale ambapo magurudumu mawili tu ndiyo yanasukuma.

Tukapunguza mzigo pia. Jenereta ilikuwa na safari yake, betoniere yake. Na tulipokuwa tunapanga mzigo niliona jambo ambalo lilinitisha kuliko ambreyaji zote.

Remoki ile haikuwa na breki. Kilo 1,550, ekseli mbili, na hakuna hata ngoma moja ya breki. Vitabu vya pikapu za ukubwa huu kwa kawaida vinaruhusu kilo 750 tu kwa remoki isiyo na breki, iwe injini ni ya esanse au ya mazutu. Walikuwa wanavuta mara mbili ya kiasi hicho, wanashuka nacho kutoka Ciriri hadi Kadutu sokoni, mahali ambapo akina mama wamepanga nyanya hadi ukingoni mwa barabara. Tena jenereta walikuwa wanaifunga mwishoni kabisa mwa remoki, kwa hiyo mkono wa remoki ulikuwa unainua kulabu badala ya kuikalia, na magurudumu ya nyuma ya pikapu yalikuwa yanapoteza uzito. Sehemu ya kumi hivi ya uzito wa remoki inatakiwa ilalie kulabu. Kwao ilitakiwa kilo 150 na zaidi. Tulipopima hata 40 hazikufika.

Nilimwambia mama kwa sauti ambayo huwa siitumii kwa wateja. Kwamba kama angenunua ile ya mazutu tangu mwanzo, ambreyaji isingeungua, hakuna ambaye angekuja gereji, na wangeendelea kuongeza mzigo kwa sababu gari halilalamiki. Injini yenye nguvu inakupandisha na chochote. Kushuka ni habari ya breki, na injini ya mazutu haina dawa ya pekee kwa hilo. Watu wengi wanaamini inashikilia gari kuliko ya esanse, lakini kinachoshikilia hasa ni gia ndogo uliyochagua. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza bei ya breki za remoki kabla ya kuuliza bei ya ambreyaji.

Tulimwekea ekseli zenye ngoma, za breki inayojikaza yenyewe remoki inapoisukuma pikapu. Chuma kilipatikana kutoka remoki kuukuu. Kazi ilinichukua siku tisa. Safari za Uvira nilizipiga marufuku kwa gari lile: kutoka Nyangezi kushuka Ngomo hadi Kamanyola ni mteremko ambao sitaki kuusimulia, na kurudi juu na mzigo katika joto la bonde la Ruzizi, injini ya esanse ikifanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, rejeta ingechemka.

Ambreyaji ya tatu ilidumu miezi kumi na minne, hadi siku mama alipouza gari. Lilinunuliwa na mtu anayepeleka mikate Kavumu, bila remoki, na analifurahia. Mama akaongeza pesa zake akapata Hilux ya mazutu, lita 3.0, karibu sawa na ile aliyoiacha mwanzo. Kijana wa Walungu ndiye anayeiendesha.

Nilienda naye mara moja, mzigo uleule, kona ileile. Gia ya kwanza ya kawaida, bila L4, pedali ikaachiwa, ikaondoka kwa mizunguko isiyofika 1,500. Kidogo chini ya hapo turbo inakuwa bado haijaamka na unasikia injini inafikiri, kisha inakamata. Kwa safari zilezile anatumia mazutu pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na esanse ya zamani, kwa daftari lake mwenyewe. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba lita ya mazutu inabeba nishati zaidi kuliko lita ya esanse, na sehemu ni kwamba injini ya mazutu inageuza kuwa kazi sehemu kubwa zaidi ya nishati hiyo, na kupoteza kidogo zaidi kama joto.

Lakini mwezi wa tano injini ilianza kugonga asubuhi na kutoa moshi mweupe. Injekta mbili zilikuwa zimekwisha. Siku moja ya uhaba dereva alinunua madumu kwa makadhafi, wauza mafuta wa kando ya barabara, na ndani yake kulikuwa na maji. Injini za mazutu za sasa zinarusha mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia matundu madogo sana, na tone la maji huko ni kama mchanga jichoni. Injekta mbili zilimgharimu mama kuliko ambreyaji zote mbili za mwanzo. Ile ya esanse ingekohoa siku moja na kuendelea.

Mama hakuniuliza kama amfukuze dereva. Aliniuliza maji yanaonekanaje. Nikamwonyesha kijana kichujio cha mazutu na skrubu iliyo chini yake. Sasa kila Jumatatu, kabla ya kufunga remoki, anailegeza, anakinga mazutu ya kwanza kwenye chupa ya kioo, na kuiweka dirishani hadi itulie. Wakiona mstari chini ya chupa, wanamwaga, wanakinga tena, na wajenzi wa Ciriri wanasubiri betoniere yao.